Mmomonyoko wa udongo shambani: anza juu ya mteremko, korongo liwe la mwisho

Udongo unaolisha mazao ni tabaka jembamba. Katika mashamba mengi hauzidi sentimita 15 hadi 30, na humo ndimo iliko mboji, viumbe hai na sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi ambayo mizizi huifikia. Tabaka hilo likiondoka, mbolea ya dukani hairudishi kilichopotea. Inaongeza virutubisho, lakini haiupi udongo uwezo wa kunywa maji na kuyashika. Tena maji ya mvua huchagua: hutangulia na chembe laini na mboji, ambazo ni nyepesi, yakaacha mchanga na changarawe. Kwa hiyo udongo uliokwenda huwa na rutuba kuliko uliobaki.

Fanya hesabu ndogo. Milimita moja ya udongo kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, yaani karibu tani 13. Milimita moja haionekani kwa macho; mkulima anaweza kupoteza tani hizo kila mwaka na shamba likaonekana ni lilelile, mpaka siku jembe linapoanza kugonga udongo mwekundu au mawe. Ardhi nayo huhitaji mamia ya miaka kuunda sentimita moja mpya.

Wengi huanza kupambana na mmomonyoko pale penye korongo, kwa sababu ndilo linaloonekana na kutisha. Hapo nguvu hupotea bure. Korongo limezaliwa na maji yaliyokusanyika juu, na maji hayo yataendelea kuja hata ukijaza mawe. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: kwanza zuia maji yanayoingia shambani kutoka nje, pili funika udongo, tatu weka vizuizi kwenye kontua, yaani mistari inayokatiza mteremko kwa kimo kilekile, na mwisho kabisa shughulikia korongo.

Lisome shamba kwanza

Tembea shambani wakati mvua kubwa inanyesha, au mara tu inapokatika. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho. Angalia maji yanaingilia wapi, yanaungana wapi, yana rangi gani, na yanatoka shambani kupitia wapi. Chora ramani ya mkono na uweke mishale. Mara nyingi utakuta chanzo kikubwa hakiko shambani kabisa: ni barabara, njia ya miguu, paa la nyumba au malisho yaliyokwanguliwa na mifugo huko juu.

Siku kavu tafuta dalili hizi. Mizizi ya miti au ya mazao iliyoachwa wazi. Vijiwe vilivyosimama juu ya vinguzo vya udongo, ishara kwamba matone yamechimba pembeni mwao. Udongo uliorundikana upande wa juu wa uzio au wa kichaka. Mabaka ya mchanga uliooshwa. Mazao ya rangi hafifu kwenye vilele vya miinuko huku ya bondeni yakistawi. Vijifereji vya upana wa vidole ambavyo palizi huvifuta kila msimu. Kuvifuta kunaficha hasara tu.

Kama unataka namba, pigilia nondo nyembamba au misumari mirefu ya sentimita 30 katika sehemu kadhaa za mteremko, ukiacha sentimita 5 juu ya ardhi, mahali ambapo jembe halitaigusa. Pima baada ya kila msimu. Ikiwa sehemu iliyo nje imeongezeka kwa milimita 5, eneo hilo limepoteza takriban tani 65 kwa hekta.

Jaribio jingine halihitaji chochote zaidi ya glasi ya maji. Chukua bonge kavu la udongo lenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, lishushe taratibu majini, subiri dakika tano. Likibaki zima au likimeguka vipande vipande, udongo umeshikamana. Likisambaratika kuwa tope, basi tone la mvua litaufanya hivyohivyo: chembe zitaziba vinyweleo vya ardhi, utando mgumu utajengeka juu, na maji yatateremka badala ya kuzama. Linganisha na bonge kutoka chini ya mti au ukingo usiolimwa. Tofauti hukuonyesha kiasi cha mboji kilichopotea.

Kupima mteremko na kupata kontua

Kwa mteremko, tumia kamba ya mita 10 na pima maji ndogo ya kuning'iniza kwenye kamba, iwe katikati kabisa ili mlegeo wa kamba usidanganye. Aliye juu anashika ncha ya kamba chini kwenye ardhi. Aliye chini anainua ncha yake kwenye ufito mpaka povu likae katikati. Pima urefu kutoka ardhini hadi kwenye kamba upande wa chini, kwa sentimita, kisha gawa kwa 10. Sentimita 120 ni mteremko wa asilimia 12. Rudia sehemu tatu au nne, maana shamba moja huwa na miteremko tofauti.

Kwa kontua, fremu A inatosha na ni rahisi kutengeneza. Fito mbili zilizonyooka za mita 2 na kidogo, zifungwe juu, miguu iachane mita 2 kamili. Funga ufito wa tatu kwa kulala katikati, kisha ning'iniza timazi, yaani uzi wenye jiwe, kutoka kwenye kilele, jiwe lipite chini ya ufito uliolala.

Sasa irekebishe. Simamisha fremu mahali palipo karibu na tambarare, weka alama chini ya kila mguu, na alama pale uzi unapokatiza ufito. Igeuze ili miguu ibadilishane nafasi zilezile, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Ukiruka hatua hii mstari wote utakuwa na mwinamo usioujua, na mtaro wenye mwinamo usiojulikana ni hatari kuliko kutokuwa na mtaro.

Anzia pembeni mwa shamba. Weka mguu mmoja kwenye kigingi cha kwanza, sogeza mguu mwingine juu au chini mpaka uzi utue kwenye alama ya katikati, piga kigingi, zungusha fremu, endelea. Ukimaliza, simama mbali uangalie mstari. Kigingi kimoja kimoja kilichochomoza kwa sababu ya kichuguu au shimo kisogeze kidogo mstari uwe laini, lakini usiunyooshe kwa ajili ya urembo: kontua hupinda kama ardhi inavyopinda. Siku ya upepo mkali acha kazi hii, timazi haitulii.

Makinga maji juu ya shamba

Mvua ya milimita 50 kwenye hekta moja ni mita za ujazo 500 za maji. Nusu yake ikiteremka ndani ya saa moja, ni karibu lita 70 kila sekunde. Hakuna mstari wa majani utakaohimili hilo likiingia shambani kwa nguvu, ndiyo maana makinga maji hutangulia mengine yote.

Chimba mfereji juu ya mpaka wa juu wa shamba, kina sentimita 50, upana mita 1 juu na nusu mita chini, udongo ukitupwa upande wa chini kuwa tuta. Vipimo hivyo vinafaa kwa eneo la juu lisilozidi hekta moja, likizidi, panua. Mfereji huu hauwi wa kontua kamili, unahitaji mwinamo wa asilimia 0.5, yaani sentimita 1 kwa kila mita 2. Funga kipande cha ubao cha unene wa sentimita 1 chini ya mguu wa mbele wa fremu A na utembee kuelekea mahali pa kutolea maji. Hapa usizungushe fremu: mguu wa nyuma ukanyage pale mguu wa mbele ulipokuwa, na wenye ubao ubaki mbele daima. Mwinamo ukiwa mdogo sana mfereji hujaa tope. Ukizidi asilimia 1 kwenye udongo mlegevu, maji huanza kuchimba sakafu yake.

Anza na mwisho wake. Mahali pa kutolea maji pawe mkondo wa asili wenye mimea, au njia pana ya maji, isiyo na kina kirefu, iliyooteshwa nyasi msimu mmoja kabla. Chimba kutoka huko kwenda juu, ili mvua ikikukuta katikati ya kazi maji yawe na pa kwenda. Kamwe usitolee kwenye njia ya miguu, barabara au shamba la jirani. Zungumza na jirani kabla ya kushika jembe. Mara nyingi mfereji mmoja wa pamoja hugharimu jasho dogo kuliko miwili inayogombana.

Funika udongo

Tukilazimika kuchagua kazi moja tu, tungechagua hii. Matuta na mitaro hukamata udongo uliokwisha kung'oka, bali kifuniko huzuia using'oke. Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, na likipiga udongo mtupu hurusha chembe kila upande. Likipiga bua au jani, nguvu yake huishia hapo.

Lengo la chini kabisa ni asilimia 30 ya ardhi iwe imefunikwa wakati wa kupanda, na mvua za kwanza ndizo hatari zaidi kwa kuwa hukuta shamba tupu. Pima hivi: chukua kamba yenye mafundo 100 yaliyoachana sentimita 10, itandaze kimshazari shambani, hesabu mafundo yaliyo juu kabisa ya bua au jani. Mafundo 30 ni asilimia 30. Fanya mara tatu sehemu tofauti. Macho peke yake hukadiria kupita kiasi karibu kila mara.

Usichome masalia ya mazao. Yalaze kukatiza mteremko, yaguse ardhi. Bua lililoegemea jingine halizuii maji. Ng'ombe na mbuzi ndio washindani wakubwa wa matandazo, na si haki kumwambia mfugaji asilishe mifugo yake. Njia ya kati ni kuwapa majani na ncha za juu, ambazo ndizo zenye lishe, na kuacha mabua shambani. Pasipotosha masalia, matandazo yaende kwanza kwenye sehemu zenye mteremko mkali na zilizokwisha umia.

Masalia yabaki juu ya ardhi. Ukiyafukia yakiwa makavu, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, na zao changa hugeuka njano. Kwenye mboga weka unene wa sentimita 5 na uache nafasi ndogo kuzunguka shina lisioze.

Mazao funikizi hufanya kazi hiyo yakiwa hai: kunde, fiwi, mukuna, maboga. Panda kunde au fiwi kati ya mistari ya mahindi wiki mbili hadi nne baada ya mahindi kuota. Mukuna hutambaa na kupanda juu ya mahindi, kwa hiyo isubiri mpaka mahindi yawe marefu, la sivyo itayavuta chini. Faida kubwa huonekana baada ya mavuno, wakati shamba la kawaida lingekuwa limelala uchi.

Vizuizi kwenye kontua

Umbali kati ya mistari hutegemea mteremko. Kanuni inayotumika sana ni hii: gawa asilimia ya mteremko kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Jibu ni tofauti ya kimo, kwa mita, kati ya mstari mmoja na unaofuata. Kwa umbali wa usawa inatoa:

- mteremko wa asilimia 5: mita 19 hadi 20
- asilimia 8: mita 15
- asilimia 12: mita 12.5
- asilimia 20: mita 10.5

Anza kuhesabu kutoka kwenye makinga maji kwenda chini.

Mistari ya majani ndiyo rahisi. Nyasi ya vetiva inashinda kwa mizizi yake inayozama wima bila kunyang'anya mazao nafasi. Gawanya shina kuu kuwa miche yenye machipukizi mawili au matatu, kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10, panda mwanzoni mwa mvua kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Kwa nafasi ya sentimita 10, mita 100 zinahitaji miche 1,000. Ziba mapengo msimu uleule, kwa sababu pengo moja huwa mlango wa maji yote. Ikifika msimu wa pili au wa tatu ukuta hufunga. Ukate mara kwa mara ubaki sentimita 30 hadi 40, nao utazidi kuchipua na kushikana. Mabingobingo, au nepia, hutoa malisho mengi zaidi lakini hunywa maji na chakula cha mistari ya mazao iliyo karibu, basi yakatwe mapema na mara nyingi.

Mtaro uitwao "fanya juu" hufaa kwenye udongo wenye kina na mteremko usiozidi takriban asilimia 35. Chimba mtaro kwenye kontua, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, udongo utupwe upande wa juu. Acha ukingo wa sentimita 20 hadi 30 kati ya mtaro na tuta, vinginevyo udongo utarudi mtaroni kwa mvua ya kwanza. Shindilia tuta na upande majani juu yake mara moja. Ndani ya mtaro acha vizuizi vya udongo kila mita 5 hadi 10, vifupi kuliko kingo, ili mstari ukiwa na kosa dogo maji yasikimbilie mahali pamoja. Udongo unaoteremka hujikusanya nyuma ya tuta, na kila msimu ukiliongeza kimo kwa udongo uliokamatwa mtaroni, ardhi kati ya matuta hujisawazisha yenyewe kuwa ngazi. Kwa kila mita moja unahamisha mita za ujazo 0.36, kwa hiyo usianze mistari mitano kwa pamoja. Maliza wa juu kwanza.

Fanya chini, ambapo udongo hutupwa upande wa chini, ina kazi nyepesi, lakini haijengi ngazi kwa namna hiyo.

Mambo yanayobomoa fanya juu ni machache na yanajirudia. Sehemu moja ya tuta ikiwa chini kuliko nyingine, maji ya mstari mzima hupitia hapo, na siku hiyo unazaa korongo. Mashimo ya panya na fuko hupitisha maji chini kwa chini. Mifugo hukata tuta inapovuka. Udongo ukiwa mwembamba, kuchimba huleta juu udongo usio na rutuba. Hapo tumia mistari ya mawe au majani. Na kwenye milima mikali yenye mfinyanzi chini, mitaro ya kushika maji inaweza kuulowesha mlima hadi uporomoke. Ipe mwinamo mdogo wa kuyatoa, au panda miti na mazao ya kudumu.

Jembe lenyewe

Kulima kunashusha udongo hata bila mvua. Anayelima akiutazama mlima huvuta kila jembe kuelekea chini, msimu baada ya msimu, na kilele hubaki kipara. Lima ukienda kwa ubavu, na udongo uelekezwe juu inapowezekana. Trekta na plau vifuate kontua. Mstari uliolimwa kuteremka ni mfereji uliotengenezwa tayari. Lakini kilimo cha kontua bila vizuizi hulemewa mteremko unapozidi asilimia 8 hadi 10, kwa kuwa mvua kubwa huvunja tuta moja, na hilo huvunja yote yaliyo chini.

Palipo na mvua haba, mashimo ya kupandia huacha sehemu kubwa ya ardhi bila kuguswa: urefu sentimita 30 hadi 35, upana 15, kina 20, nafasi sentimita 70 kwa 90. Yachimbwe kiangazi, yakipishana mstari hadi mstari.

Upepo nao, kwenye tambarare kavu, hutibiwa kwa kifuniko hichohicho pamoja na mistari ya miti inayokatiza upepo. Mstari hulinda umbali wa takriban mara 10 ya kimo cha miti yake, upande upepo unakoelekea. Uwe na matundu, upitishe karibu nusu ya upepo. Ukuta mzito huzua kimbunga nyuma yake na kuchimba palepale.

Sasa korongo

Maji ya juu yakishakatwa, zuia mifugo, kisha jenga vizuizi vya mawe au fito ndani ya korongo, vingi na vifupi. Kimo kisizidi nusu mita hadi mita moja. Nafasi hupatikana hivi: kilele cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na kitako cha kile cha juu. Sakafu ikiwa na mteremko wa asilimia 10 na kizuizi kikiwa na kimo cha nusu mita, kinachofuata kiko mita 5 mbele.

Chimba msingi wa sentimita 30, na uingize ncha za kizuizi angalau nusu mita ndani ya kuta zote mbili. Katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 20 hadi 30, ili maji yapite hapo. Kizuizi kikiwa cha juu katikati, maji huzunguka pembeni na kulipanua korongo. Tandaza mawe upande wa chini yapokee maji yanayoanguka. Kichwa cha korongo, pale linapozidi kula kwenda juu, kisawazishwe kiwe mteremko wa taratibu, kifunikwe mawe na kupandwa majani. Tope likijaa nyuma ya vizuizi, panda vetiva, mabingobingo au mianzi humo.

Kuangalia na kuponya

Baada ya kila mvua kubwa ya msimu wa kwanza, pita kwenye makinga maji na matuta yote ukiwa na jembe mkononi. Tundu la ngumi huzibwa kwa dakika chache leo. Baada ya mvua tatu ni kazi ya siku nzima.

Vipara vilivyokwisha poteza udongo wa juu havitapona kwa vizuizi peke yake. Vipumzishwe na mikunde kwa msimu mmoja au miwili, vipewe samadi nyingi kuliko sehemu nyingine za shamba, na kila kiangazi chota tope lililokusanyika mitaroni na chini ya shamba ulipandishe huko juu. Lichanganye na samadi, tandaza unene wa sentimita 3 hadi 5, funika kwa masalia siku hiyohiyo, kabla mvua ya kwanza haijaanza kulishusha tena.